Sura ya Saba: Kalibu Kwanza

Mteja anayenunua meza ya epoksi analipia vitu viwili anavyoviona: ubao ulioachwa na ukingo wake wa asili, na resini angavu iliyojaza nyufa na mapengo yake. Kitu cha tatu hakioni, kwa sababu hakitoki karakana. Ni kalibu, lile sanduku fupi lisilo na mfuniko ambamo ubao hulazwa na resini humwagwa hadi igande. Hoja ya sura hii ni kwamba kwa fundi seremala wa Handeni au Korogwe anayetaka kuingia katika kazi hii, kalibu ndiyo mtaji wa kwanza. Iwe ya plastiki aina ya polietilini, iwe ya kufungwa na kufunguliwa mara nyingi, na iwe tayari kabla hajanunua hata lita moja ya resini. Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Wananunua resini kwanza, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo inayopendeza, kisha jioni ya siku ya kumwaga wanaunga sanduku la plaiwudi na kulizungushia selotepu. Meza ikitoka imepinda, imevuja au imeng'ang'ania kitako, lawama inakwenda kwa resini, na mara nyingine kwa aliyeiuza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha fedha inapotelea wapi. Chukua meza ndogo ya sebuleni yenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na unene wa 4. Ujazo wake ni lita 28.8. Mbao zikichukua theluthi mbili ya nafasi hiyo, resini inayohitajika ni lita 9.6, na kwa kuwa lita moja ya epoksi ina uzito wa kilo 1.1 hivi, tunazungumzia kilo kumi na nusu za bidhaa inayotoka nje ya nchi, inayopitia Dar es Salaam, na inayopanda basi au Fuso hadi Mkata kabla ya kukata kona kwenda Handeni, kilometa 54 nyingine. Sasa weka kalibu ambayo kitako chake kimepinda. Fundi hana njia ila kumwaga zaidi ili hata sehemu iliyoinuka ifunikwe, halafu apige randa hadi uso unyooke. Milimita 3 za ziada juu ya meza yote ni lita 2.16. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya resini aliyokusudia kutumia, na yote inaishia kuwa vumbi sakafuni. Kuvuja ni hasara nyingine kabisa. Epoksi ya kumwaga kwa kina imetengenezwa ichelewe kuganda ili mapovu yapate muda wa kupanda juu, hivyo tundu dogo kwenye kona lina usiku mzima wa kuidondosha. Asubuhi fundi anakuta ubao umebaki mkavu upande mmoja na sakafu imepata umbo la meza.

Kuna sababu ya kuzungumzia Handeni na Korogwe badala ya Keko au sehemu nyingine ya Dar es Salaam ambako samani hutengenezwa na kuuzwa kando ya barabara. Misitu ya miombo ya Handeni imetoa mninga, mkongo na mpingo kwa miaka mingi. Korogwe na jirani zake wana mtiki, mgrivea, na miembe ya zamani inayokatwa kila siku kupisha nyumba. Gogo lililonyooka tayari lina mnunuzi, na mnunuzi huyo kwa kawaida hakai Korogwe. Desturi hiyo ni ya zamani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikiteremsha mierezi kutoka milima ya Shume kwa njia ya kamba za chuma hadi kituo cha Mkumbara, ili behewa liichukue kwenda pwani. Uhandisi ule ulikuwa wa ajabu, lakini bonde la chini lilipata nini zaidi ya kuona mbao zikipita? Leo lori limechukua nafasi ya behewa, na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, lakini mwelekeo ni uleule. Kinachobaki ni gogo lenye tundu, panda iliyojikunja, kipande kifupi cha futi nne chenye ufa katikati. Hicho huishia kwenye tanuri la mkaa.

Epoksi inafaa kwa vipande hivyo. Ubao wa mninga uliosimama vizuri hauhitaji resini, na fundi anayeuchana katikati ili atengeneze mto wa resini ya buluu anaharibu mali. Mmarekani George Nakashima alijenga jina lake katika karne iliyopita kwa kuacha ukingo wa asili na kufunga nyufa kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo, bila resini, na meza zake zinatafutwa mpaka sasa. Mahali pa epoksi ni pale ambapo ubao usingeweza kuwa meza bila kitu cha kuziba pengo. Korogwe wanalijua jambo la namna hii kupitia mkonge. Jani la mkonge linatoa nyuzi asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wake, na kwa miongo mingi sehemu iliyobaki ilitupwa. Mwaka 2008 mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme ulianza kazi Hale. Mabaki yalikuwepo siku zote, na watu wenye akili walikuwepo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa chombo cha kuyapokea. Katika meza ya epoksi chombo hicho ni kalibu.

Kwa nini iwe polietilini na si plaiwudi, bati au kioo? Jibu liko kwenye tabia ya vimiminika. Kimiminika kinashika kitu pale kinapoweza kutandaa juu yake na kuingia kila kijitundu cha uso wake. Wataalamu hupima mvuto wa nyuso hizo kwa milinyutoni kwa meta. Uso wa polietilini una karibu 31, na epoksi ambayo haijaganda ina zaidi ya 40. Kimiminika kinachojivuta chenyewe kuliko kinavyovutwa na uso hakitandai vizuri, na kikiganda hakijashikamana. Tena molekuli ya polietilini ni mnyororo mrefu wa kaboni na hidrojeni usio na mkono wowote wa kupeana na epoksi. Ubao, bati lenye kutu na kioo vina mikono hiyo tele. Ndiyo maana epoksi ikidondokea kwenye meza ya kazi ya mbao itang'olewa kwa patasi, lakini ikidondokea kwenye dumu la mafuta ya kula itabanduka kwa ukucha. Kemikali hizi mbili karibu zina umri mmoja. Polietilini iligunduliwa bila kutarajiwa mwaka 1933 katika maabara za kampuni ya ICI, Uingereza, na ile ngumu inayotengeneza madumu na mapipa ikapatikana mwaka 1953 kwa kazi ya Karl Ziegler huko Ujerumani. Epoksi nayo ilitokana na kazi za Mswisi Pierre Castan na Mmarekani Sylvan Greenlee katika miaka ya 1930 na 1940.

Kwa wakazi wa Handeni plastiki hiyo haihitaji kutambulishwa. Wilaya imeishi na uhaba wa maji kwa vizazi. Maji ya Mto Pangani yalianza kuvutwa kutoka upande wa Korogwe kupitia mradi mkubwa unaojulikana kwa kifupi kama HTM, na sasa mfumo huo ni sehemu ya mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Miaka yote ya kungoja maji ilijaza nyumba na taasisi vyombo vya kuyahifadhia: madumu ya lita 20, mapipa ya buluu, simtanki. Karibu vyote hivyo ni polietilini, na vyote huzeeka. Pipa linapasuka kitako, simtanki linachanika shingoni, na baada ya hapo halina kazi ila kukatwa liwe bakuli la kunyweshea mifugo au kuchomwa, jambo ambalo halifai. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vyombo hivi vizito havikuguswa, na bado vipo nyuma ya nyumba.

Hata hivyo mtu asikimbilie kukata simtanki la jirani. Jua huoza uso wa polietilini. Mionzi yake ikishirikiana na hewa inabandika oksijeni kwenye ule mnyororo wa kaboni, na oksijeni hiyo ndiyo mkono ambao epoksi ilikuwa inaukosa. Kwa hiyo upande wa nje wa tanki lililokaa miaka mingi juani unaweza kuishika resini, ilhali upande wa ndani, uliokuwa gizani na majini, bado ni mzuri. Kipande kiwekwe ndani kwa juu. Tena si kila plastiki ngumu ni polietilini. Chombo chenye alama ya namba 2 ndani ya pembetatu ni polietilini ngumu, namba 4 ni laini, namba 5 ni polipropilini, na zote tatu zinafaa. Namba 3, ambayo ni plastiki ya mabomba ya PVC, haifai. Kama alama imefutika, kata kipande kidogo ukitie majini: polietilini na polipropilini huelea, PVC huzama. Kipimo cha mwisho ni cha resini yenyewe. Changanya kijiko kimoja, dondosha kwenye plastiki unayoishuku, iache usiku kucha, kisha jaribu kuinua tone kwa kucha. Likiruka zima, plastiki hiyo ni yako. Likibakiza ukungu au likihitaji kisu, itafutie kazi nyingine.

Hapa napendelea njia ya kati, ingawa najua wapo watakaotaka kutumia mabaki peke yake. Kitako cha kalibu kinunuliwe kikiwa kipya: karatasi ya polietilini ngumu yenye unene wa milimita 12 au zaidi, ya aina ileile ya vibao vyeupe vya kukatia nyama. Kitako ndicho kinachotoa uso wa meza, na hakuna ujanja wa kunyoosha pipa hadi liwe tambarare kwa kipimo cha nusu milimita katika karakana isiyo na mashine ya kukandamiza. Kuta ni jambo jingine. Kuta zinahitaji urefu wa sentimita 7 au 8 tu, na vipande vya pipa nene, vikilainishwa kwa joto na kubanwa kati ya mabati mawili hadi vipoe, vinatosha. Plastiki hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, hivyo inatakiwa joto la kulainisha lisilofika mahali pa kutoa moshi, na kazi ifanyike nje. Anayedhani seremala hawezi kufanya kazi na plastiki atazame Lamu, ambako mwaka 2018 mafundi wa mashua wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, jahazi la meta 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mbao zake za plastiki zilikatwa, zikatobolewa na kuungwa kwa ufundi uleule wa kuunda jahazi la mti.

Kuiunda kalibu yenyewe si kazi ya siku nzima, lakini kila hatua ina sababu. Kwanza iwepo meza ya kazi iliyonyooka na kupimwa kwa pimamaji pande zote mbili, kwa sababu resini ni kimiminika na itaufuata mlalo wa dunia, si mlalo wa kalibu. Karatasi ya kitako inalazwa juu ya meza hiyo. Kuta zinasimamishwa pembeni na kufungwa kwa skrubu kutoka nje, skrubu moja kila sentimita 15 hivi, na gundi isitumike, kwanza kwa sababu haitashika, na pili kwa sababu kalibu isiyofunguka haiwezi kutumika tena. Matundu ya skrubu yachongwe marefu kidogo kuliko skrubu yenyewe, na hapa ndipo fundi aliyezoea mbao hujikwaa. Polietilini hutanuka kwa joto karibu milimita moja na nusu kwa kila meta joto likipanda nyuzi 10. Ukuta wa meta 1.2 uliofungwa kwa nguvu asubuhi yenye baridi, kisha ukapashwa na resini inayoganda, hauna pa kwenda, hivyo unabenuka na kuacha upenyo. Tundu refu linauruhusu kusogea. Kwenye pembe zote za ndani unapita uzi mwembamba wa silikoni ya dirishani, unaolainishwa kwa kidole chenye maji ya sabuni na kuachwa siku nzima ukauke. Silikoni haishiki sana polietilini, na epoksi haishiki silikoni, hivyo uzi huo unafanya kazi ya kuziba tu na siku ya kufungua unang'oka kama kamba. Kisha inamwagwa ndoo ya maji na kuachwa saa moja. Kalibu isiyovuja maji haitavuja resini, na maji hayana bei ya resini. Baada ya kuyamwaga ikaushwe hadi isibaki hata tone.

Ikishatengenezwa vizuri, kalibu huharibiwa zaidi na watu kuliko resini. Njia ya kwanza ya uharibifu ni patasi. Meza ikikataa kutoka, mkono wa seremala hukimbilia chuma, na kila mkwaruzo wa chuma kwenye plastiki ni mfereji ambao resini ya meza inayofuata itaingia na kung'ang'ania. Meza itolewe kwa kufungua skrubu zote, kuvuta kuta, kisha kuingiza kabari za plastiki au za mbao laini polepole kuzunguka ukingo, pamoja na hewa ya pampu kama ipo. Msasa nao ni hivyohivyo: mtu anaona kitako kimechafuka, anakisugua ili king'ae, na kwa kukisugua anakipa meno. Ya pili ni moto. Mafundi wengi hupitisha mwali wa gesi juu ya resini kuua mapovu, na kwa resini yenyewe ni sawa. Lakini viwandani, mtu anayetaka rangi au gundi ishike polietilini huipitishia mwali kwa makusudi, kwa kuwa moto hubandika oksijeni kwenye uso wake. Fundi anayelamba kuta za kalibu kwa moto kila anapomwaga anaifundisha kalibu kushika resini, taratibu, bila kujua. Mwali ukae katikati ya meza, na pembeni mapovu yatobolewe kwa sindano. Ya tatu ni jua. Kalibu iliyosimamishwa ukutani nje ya karakana inapata madhara mawili kwa pamoja, kuoza uso na kupinda.

Pingamizi la kwanza litakuwa la bei, na ni pingamizi la haki. Karatasi mpya ya polietilini ni ghali kuliko plaiwudi, na inatoka Dar es Salaam. Lakini kalibu ya plaiwudi inakufa na meza yake. Pamoja nayo inakwenda selotepu iliyoifunika, na saa za kuibandika bila mkunjo, maana kila mkunjo wa selotepu unachorwa kwenye uso wa resini na lazima upigwe msasa. Tuseme kalibu ya plastiki inagharimu mara sita ya hiyo ya plaiwudi. Kuanzia meza ya saba fundi yuko mbele, na mbele zaidi kama tukihesabu resini isiyopotea. Asiyetarajia kutengeneza meza saba asinunue, nalisema bila kusita, na pengine asiingie kwenye kazi hii. Resini ya kina hukaa ndani ya kalibu siku mbili hadi tatu. Kalibu moja, hata ikipumzishwa, inaweza kutoa meza mbili kwa wiki, karibu mia moja kwa mwaka, na sioni soko la Handeni na Korogwe kwa pamoja likimeza meza mia moja za bei hiyo. Hesabu hiyo inatupeleka kwenye jambo ambalo mafundi hawalipendi sana: karakana moja haihitaji kalibu yake peke yake.

Kabla ya kufika huko, kuna pingamizi la joto. Epoksi ikiganda hutoa joto lake yenyewe, na ikimwagwa nene kupita kiasi inaweza kuzidi nyuzi 100. Polietilini hulainika mapema kuliko inavyoyeyuka, kwa hiyo wapo wanaosema kalibu ya plastiki haifai nchi ya joto. Ukweli ni kwamba plastiki hii hupitisha joto takriban mara tatu ya plaiwudi, hivyo inasaidia kuliondoa. Tatizo la bonde la Korogwe liko kwenye resini. Maelekezo ya kopo huandikwa kwa karakana yenye nyuzi 20 hadi 25, na muda wa kufanya kazi na mchanganyiko hupungua kwa karibu nusu kila joto likipanda nyuzi 10. Mchana wa Februari unaopita nyuzi 30, fundi hana ule muda ulioandikwa. Dawa yake ni kumwaga alfajiri na kwa tabaka jembamba kuliko linaloruhusiwa kwenye kopo. Kalibu ikilainika, maana yake resini imepashwa moto kuliko inavyostahili, na resini hiyo ingepasuka au kugeuka manjano hata ndani ya sanduku la chuma.

Wengine watasema kalibu ya kudumu inamfunga fundi kwenye kipimo kimoja, wakati kila mteja wa mkoani ana chumba chake na matakwa yake. Naona faida hapo kuliko hasara. Kipimo kimoja kinamaanisha ujazo unaojulikana, kwa hiyo resini inanunuliwa kwa uhakika na haibaki nusu kopo inayoharibika. Miguu ya chuma inaweza kuchomelewa mapema. Na kwa anayetaka meza fupi, ukuta mmoja wa kusogea, uliokatwa kwa karatasi ileile na kubanwa kwa jiriwa, unageuza kalibu ya sentimita 120 kuwa ya 90 au 60. Anayetaka meza ya mikutano ya meta tatu ahudumiwe kwa kalibu ya plaiwudi ya mara moja, na gharama yake iingie wazi kwenye bei.

Pingamizi zito zaidi ni la mazingira na afya, na silipuuzi. Epoksi haiozi, haiyeyushwi ikatumika tena, na mtu atauliza ni busara gani kuokoa kipande cha mkongo kwa kukizamisha kwenye plastiki. Kwangu jibu linategemea kiasi. Meza ambayo theluthi mbili yake ni ubao uliokuwa unakwenda kuwa mkaa ni jambo ninaloweza kulitetea. Meza ambayo resini ndiyo kubwa na ubao ni pambo, siwezi. Kalibu ya kudumu inapunguza upande mmoja wa mzigo, kwa kuwa haitupi plaiwudi iliyopakwa resini kila wiki. Kuhusu afya hakuna cha kupunguza. Resini mbichi na kigumishi chake huweza kuifanya ngozi ya mtu iwe na mzio usioponyeka, hata baada ya miezi ya kufanya kazi bila dalili. Glavu za nitraili na barakoa wakati wa kupiga msasa viingie kwenye bajeti pamoja na skrubu, na mikono isioshwe kwa thina, kwa kuwa thina huisukuma resini ndani ya ngozi. Karakana isiyoweza kununua glavu haiwezi kununua epoksi.

Nao ubao una sharti lake ambalo kalibu bora kabisa haiwezi kulifuta. Epoksi inataka mbao yenye unyevu usiozidi asilimia 12 hivi. Mbao iliyoanikwa kwenye hewa ya nyuzi 27 na unyevunyevu wa asilimia 70 hutulia karibu na asilimia 13, hata ikikaa miaka. Wakati wa masika hali ni mbaya zaidi, na hewa yenye unyevu huacha utando wa mafuta juu ya resini inayoganda. Kwa hiyo mbao zikaushwe kwanza, zihamishiwe chini ya paa la bati lenye hewa kwa wiki kadhaa za kiangazi, zipimwe kwa kipima unyevu, na umwagaji wa kazi kubwa usipangwe Aprili. Mninga una sifa ya kutocheza sana ukishakauka, ndiyo maana ni ubao mzuri wa kuanzia. Mtiki una mafuta yake, na kingo zitakazokutana na resini zifutwe kwa spiriti kabla ya kumwaga.

Tukirudi kwenye umiliki, hesabu ya meza mia moja kwa mwaka inaelekeza kwenye kalibu moja ya pamoja kwa kila mji: moja Chanika mjini Handeni, nyingine Korogwe, kilometa 65 kwa lami. Zipo taasisi zinazoweza kuihifadhi bila kuanzisha kitu kipya. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi Tanga. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni kipo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, inatolewa kwa vikundi, na karatasi mbili za polietilini pamoja na kipima unyevu ni ombi dogo kuliko mengi yanayopita kwenye meza za maofisa. Nasikia tayari atakayesema kwamba kitu cha wote hakina mwenyewe. Kweli kinaharibika, lakini kinaharibika kwa njia zinazojulikana na zinazoonekana: mkwaruzo, moto, jua. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kalibu itoke na irudi kwa daftari, na kila inaporudi mtunzaji akague kitako chini ya taa ya pembeni, inayoonyesha mikwaruzo ambayo taa ya juu huificha. Adondoshe tone la resini kwenye kona moja na kuliangalia kesho yake. Siku tone litakapokataa kuruka, karatasi igeuzwe upande wa pili. Upande wa pili nao ukichoka, irandwe nusu milimita kwa mashine ileile ya kurandia mbao, uso mpya utoke, na milimita 12 zina nafasi ya kufanyiwa hivyo mara kadhaa kabla ya kuwa nyembamba mno kwa kazi ya kitako. Baada ya hapo itakatwa vipande, na vipande hivyo ni kuta za kalibu inayofuata.